"Ni Kweli, Lakini...": Lugha na Utetezi wa Dereva Kizimbani

Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga. Methali hii hutajwa matangani, hutajwa hospitalini, na hutajwa kando ya barabara baada ya umati kukusanyika na aliyelala chini kufunikwa leso. Kazi yake kubwa ni kufariji. Humwondolea aliye hai mzigo wa kuuliza nani alifanya nini, kwa kuwa lililotokea limekwisha kuhesabiwa kuwa ni la majaliwa. Neno lenyewe linaiunga mkono methali. Ajali limetoholewa kutoka neno la Kiarabu lenye maana ya muda uliowekwa, na hasa muda wa mtu kufa. Huenda mzungumzaji wa leo haijui asili hiyo, lakini anaihisi. Dereva anapomwambia mwenzake kwamba "alipata ajali", anazungumza kama mtu aliyepata homa: jambo limemjia, yeye hakulifuata.

Kizimbani mambo ni tofauti. Sheria ya Trafiki ya Kenya, yaani Sura ya 403, ina kifungu cha 46 kinachomhusu mtu anayesababisha kifo cha mwenzake kwa kuendesha gari bila kujali, au kwa kasi au namna iliyo hatari kwa umma, au kwa kuliacha gari barabarani mahali au katika hali inayohatarisha watu. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 10, pamoja na kufutiwa leseni. Kifungu hicho hakiulizi lililopangwa. Kinauliza lililofanywa, aliyelifanya, na namna alivyolifanya. Baina ya methali na kifungu hicho pana pengo, na katika pengo hilo ndimo wanamoweza kupotelea madereva, si kwa sababu hawana la kujitetea, bali kwa sababu wanapofika kizimbani hujikuta wamebakiwa na neno moja au mawili tu ya kujitetea. Makala haya yanakusudia kulitazama pengo hilo kutokea Malili.

Malili ni soko lililo kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, katika Kaunti ya Makueni. Msafiri atokaye Nairobi hulifikia baada ya kupita Kyumbi na njia panda ya Konza, kabla hajafika Salama na Sultan Hamud. Jina lake lilipata kusikika mbali mwaka 2009, serikali iliponunua ekari 5,000 za iliyokuwa ranchi ya Malili ili kujenga mji wa teknolojia wa Konza, mradi ambao Rais Mwai Kibaki aliuzindua Januari 2013. Hata hivyo, mwenyeji wa Malili huijua barabara kuliko anavyoujua mji huo mpya. Barabara ndiyo inayomletea mteja wa chai na chapati, ndiyo inayompeleka mtoto shuleni, na ndiyo inayopitisha usiku na mchana malori yatokayo bandarini Mombasa kuelekea Nairobi, Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo. Reli mpya iliyoanza kusafirisha abiria mwaka 2017 haikuyamaliza malori hayo. Sheria inasema kwamba katika kituo cha biashara kama hiki gari lisizidi kilomita 50 kwa saa. Lakini gari lililotoka Mtito Andei likiwa katika mwendo wa safari halipungui kasi kwa kuona kibao tu. Hupungua dereva anapokumbuka kwamba mbele kuna watu.

Chukulia basi dereva mmoja wa lori, asiye na jina hapa kwa kuwa ni wengi. Amezaliwa Kitui, anafikiri kwa Kikamba na kufanya kazi kwa Kiswahili. Ametoka Mombasa na mzigo, na sasa ni jioni, jua limeinama upande wa Nairobi na kumpiga usoni. Mbele yake matatu imesimama kando ya lami ikishusha abiria. Mtu anatokea mbele ya matatu hiyo na kuingia barabarani. Dereva anakanyaga breki. Kunasikika mlio wa magurudumu, kisha kishindo kidogo kisicholingana na ukubwa wa jambo lenyewe, kisha mayowe. Utingo anamwambia washuke. Dereva anauona umati unavyokuja na kwenda moja kwa moja kituo cha polisi. Wapo watakaosema ametoroka. Sheria inamtaka dereva asimame, na panapokuwa na aliyeumia, aripoti kwa polisi mapema iwezekanavyo, bila kuzidisha saa 24. Namna alivyoondoka pale nayo itakuja kuwa sehemu ya kesi yake.

Kituoni anaulizwa swali moja: "Ulimgonga?" Anajibu: "Ndiyo, nilimgonga." Jibu hilo ni la mtu mwaminifu. Lakini wanafunzi wa sarufi wanafahamu kwamba kitenzi cha Kiswahili hubeba mengi mgongoni mwake. "Nilimgonga" humfanya msemaji kuwa mtenda. "Aligongwa" humweka aliyekufa mbele na kumficha mtenda. "Gari lilimgonga" huligeuza gari kuwa mtenda, na dereva akabaki kama abiria mwingine. "Tuligongana" hugawa tendo pande mbili. Kila umbo kati ya hayo laweza kutumiwa kulisimulia tukio lile lile la jioni ile ile, na kila moja hupeleka akili ya msikilizaji mahali tofauti. Dereva hakuchagua umbo kwa kufikiria sheria. Alirudisha kitenzi alichoulizwa nacho, kama afanyavyo kila mzungumzaji. Maelezo yake yanapoandikwa kwa Kiingereza, kitenzi hicho kinaingia katika jalada kama ungamo, na hakuna anayekumbuka tena kwamba kilikuwa mwangwi wa swali.

Usiku huo, katika seli, anapata mawakili wa bure. Mahabusu mwenzake, mtu mzima aliyeshtakiwa kwa jambo jingine, anamwambia: "Kijana, hapa usisumbuke. Kubali tu, hakimu akuonee huruma, ulipe faini urudi kwa watoto." Ushauri huu umeenea katika vituo vingi, na una chembe ya ukweli ndani yake: hakimu anao uwezo wa kutoza faini badala ya kifungo, na kukiri mapema huweza kupunguza adhabu. Lakini mwenye kuutoa hajui kwamba kosa la kuegesha gari vibaya na kosa la kifungu cha 46 hayapimwi kwa mizani moja. Faini ni hiari ya hakimu. Si haki ya mshtakiwa. Isitoshe, kwa mtu ambaye leseni ndiyo jembe lake, kufutiwa leseni ni adhabu ya nyumba nzima.

Asubuhi anapelekwa mahakamani. Katiba ya mwaka 2010 inaagiza mtu aliyekamatwa afikishwe mbele ya mahakama katika muda usiozidi saa 24, isipokuwa saa hizo ziishe nje ya saa za kazi au siku isiyo ya kazi. Katika safu za nyuma wameketi jamaa za marehemu. Mwanamke mmoja amejifunika leso hadi usoni. Karani anachukua hati ya mashtaka iliyoandikwa kwa Kiingereza, mistari kadhaa iliyosheheni tarehe, nambari ya gari, jina la barabara na yale maneno yanayotaja namna ya uendeshaji, kisha anaifupisha kwa Kiswahili: "Unashtakiwa kwamba siku hiyo, hapo Malili, ukiendesha gari, ulisababisha kifo cha mtu huyu. Ni kweli ama si kweli?"

Hapa ndipo kesi nzima inaposimama juu ya ulimi. Dereva anageuka kidogo, anaziona nyuso zilizo nyuma yake. Mtu amekufa. Gari lilikuwa lake. Aseme "si kweli"? Masikioni mwa mwanamke yule, "si kweli" itasikika kama kusema kwamba mumewe hajafa. Mila na adabu aliyolelewa nayo zinamkataza mtu kumkana maiti mbele ya waombolezaji. Basi anasema kwa sauti ya chini: "Ni kweli, Mheshimiwa."

Amekubali nini? Amekubali kifo, mahali, siku na gari. Hakuulizwa kama aliendesha kwa namna ya hatari, kwa sababu maneno hayo yalibaki katika karatasi. Hata kama yangesomwa, neno la Kiswahili linalotumika kwa kawaida nalo lingempotosha. Neno "kosa" lina maana ya hitilafu, lina maana ya dhambi, na lina maana ya jinai. Mtu aliyemkanyaga mwenziwe mguu kwa bahati mbaya husema "ni kosa langu" kwa adabu tu. Akiulizwa "unakubali kosa?" kizimbani, adabu hiyo hiyo humjibia.

Matokeo ya maneno hayo mawili ni mazito kuliko anavyoweza kudhani. Kwanza, Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai, katika kifungu cha 348, haimruhusu aliyekiri mashtaka kukata rufaa dhidi ya kutiwa hatiani. Anaweza tu kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu. Pili, kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinafanya hukumu ya mwisho ya jinai kuwa uthibitisho usiopingika kwamba aliyehukumiwa alikuwa na hatia. Jamaa za marehemu wakifungua kesi ya fidia, suala la kama dereva alikuwa na hatia litakuwa limekwisha kufungwa. Hii ndiyo sababu mwenye gari na kampuni ya bima wanaweza kuwa na hamu kubwa ya kujua dereva atajibu nini, na mara nyingine wakamlipia wakili. Si vibaya akilipiwa, mradi wakili huyo akumbuke kwamba mteja wake ni yule aliye kizimbani.

Mahakama zenyewe hazikulifumbia macho tatizo hili. Mwaka 1973, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu katika kesi ijulikanayo kama Adan dhidi ya Jamhuri, na hadi leo mahakama za Kenya zinaufuata. Mashtaka, pamoja na viungo vyake vyote muhimu, sharti yaelezwe kwa mshtakiwa katika lugha yake au lugha anayoielewa. Maneno yake mwenyewe sharti yaandikwe. Akikubali, upande wa mashtaka sharti usimulie tukio lenyewe, na mshtakiwa apewe nafasi ya kulipinga, kulieleza au kuliongeza. Akipinga lolote, au akileta jambo linalotia shaka kuhusu hatia yake, jibu hilo nalo sharti liandikwe na ungamo la kwanza libadilishwe kuwa la kukana. Hivyo basi, pale ungamo lisipokuwa wazi na kamili, Mahakama Kuu inaweza kulitengua, licha ya kizuizi cha kifungu cha 348.

Kwa mtazamo wa mwanafunzi wa lugha, uamuzi huo wa 1973 ni somo la semantiki na pragmatiki lililotolewa na majaji. Unasema kwamba tafsiri isiyotaja viungo vyote vya kosa si tafsiri. Unasema kwamba maneno ya mshtakiwa hayapaswi kusafishwa wala kufupishwa. Na zaidi ya yote, unalipa thamani neno ambalo katika vitabu vya sarufi huorodheshwa miongoni mwa viunganishi tu: lakini. Dereva akisema, "Ni kweli nilimgonga, lakini aliingia barabarani ghafla," hajakiri. Sehemu ya kwanza ya sentensi imekubali tendo. Sehemu ya pili imekana namna. Akisema, "Ni kweli, lakini breki zilikataa," hajakiri bado. Hakimu makini husimama kwenye "lakini" hiyo na kuandika kwamba mshtakiwa amekana. Karani mwenye haraka hufasiri nusu ya kwanza na kuacha nusu ya pili ielee hewani.

Endapo "lakini" hiyo imesikika, ndipo kazi ya wakili inapoanza. Wengi hudhani kazi hiyo ni ujanja wa kumwokoa mwenye hatia. Kwa hakika, sehemu yake kubwa ni kuuliza kwa subira maswali ambayo umati haukuyauliza. Mchoro wa mahali pa ajali ulichorwa na nani, na lini? Gari lilikuwa limekwisha kuondolewa? Alama za magurudumu ziko upande upi wa barabara? Afisa aliyepeleleza alifika baada ya tukio. Basi anasema aliyoyaona au aliyoyasikia? Mkaguzi wa magari aliandika nini kuhusu breki, na hitilafu aliyoikuta ilikuwapo kabla ya kishindo au ilitokana nacho? Matatu ile ilisimama wapi? Jua lilikuwa wapi? Kifungu cha 46 chenyewe kinaagiza hali zote za tukio zizingatiwe, zikiwamo umbo, hali na matumizi ya barabara, pamoja na wingi wa magari uliokuwapo au uliotarajiwa. Katiba nayo, katika ibara ya 50, inampa mshtakiwa haki ya kuelezwa mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yake, pamoja na muda na nyenzo za kutosha za kujiandaa.

Mashahidi nao huja na lugha yao. Muuza ndizi aliyekuwa kando ya barabara atasema, "Lori lilikuja mbio sana." Katika Kiswahili, mbio ni sifa inayopimwa na hofu ya anayetazama. Kwa aliyesimama mita mbili kutoka kwenye lami, lori lolote linalosonga liko mbio. Likifasiriwa kuwa "mwendo wa kasi kupindukia", hofu imegeuzwa kuwa kipimo. Sheria ya Trafiki iliitambua hatari hii: mtu hawezi kutiwa hatiani kwa kosa la kupita kasi iliyowekwa kwa kutegemea tu maoni ya shahidi mmoja kuhusu kasi hiyo. Ingawa kanuni hiyo inahusu kosa la kasi peke yake, wakili mwenye sikio la lugha atauliza katika kesi kubwa pia: mbio kiasi gani, ikilinganishwa na nini, na ulikuwa ukitazama wapi kabla ya kusikia breki?

Juu ya maswali hayo yote limekaa swali moja kuu, na asili yake ni kesi ya Uingereza ya mwaka 1971, Mfalme au Malkia dhidi ya Gosney kama wanasheria waiitavyo kwa ufupi. Dereva katika kesi hiyo aliingia barabara ya njia mbili akaenda upande usio wake. Hali ilikuwa ya hatari, hilo halikubishaniwa. Lakini alitaka kuonyesha kwamba mpangilio wa njia panda ile ungeweza kumpotosha hata dereva makini, na alinyimwa nafasi hiyo. Mahakama ya Rufaa ilitengua hukumu yake, ikisema kwamba haitoshi hali iwe ya hatari. Lazima pawe na upungufu fulani wa dereva uliochangia kuileta hali hiyo, yaani ashuke chini ya uangalifu au ustadi wa dereva hodari na mzoefu. Mahakama za Kenya zimeupokea msimamo huo. Hapa sheria inaikaribia methali bila kuungana nayo. Haisemi kwamba kila ajali ni majaliwa, na haisemi kwamba kila kifo kina mkosaji. Inataka pathibitishwe, pasi na shaka ya maana, kwamba palikuwa na upungufu, na kwamba upungufu huo ulikuwa wa mtu huyu.

Aidha, mshtakiwa ana haki ya kunyamaza. Upande wa mashtaka ukishamaliza, na hakimu akiona kuna kesi ya kujibu, dereva anaweza kutoa ushahidi kwa kiapo na kuulizwa maswali, au kutoa maelezo bila kiapo, au kukaa kimya. Haki hii ya tatu ni ngumu kuipokea katika jamii inayosema kwamba kunyamaza ni kukubali. Mzee wa ukoo aliyekuja kumsindikiza mwanawe atamnong'oneza, "Sema, mwanangu, usikae kama mwenye hatia." Kumbe mzigo wa kuthibitisha uko upande wa pili, na kimya chake hakiongezi hata kokoto moja kwenye mizani. Wakili atakayemshauri anyamaze atapaswa kwanza kuieleza familia kimya hicho kina maana gani. Hilo nalo ni tafsiri.

Lakini ni madereva wangapi wanaompata wakili huyo? Ibara ya 50 inampa kila mshtakiwa haki ya kuchagua wakili, na ya kupewa wakili kwa gharama ya serikali endapo bila hivyo dhuluma kubwa ingetokea. Tena inaagiza aelezwe haki hizo mapema. Sheria ya Msaada wa Kisheria ilipitishwa mwaka 2016 ili kuutekeleza wajibu huo. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilifafanua kwamba haki ya wakili wa serikali haiji yenyewe katika kila kesi. Hupimwa kwa kutazama uzito wa shtaka, ukali wa adhabu, uwezo wa mshtakiwa kulipa, kiwango chake cha elimu na ugumu wa kesi. Dereva wa lori anayekabiliwa na kifungo cha hadi miaka 10, asiyeisoma hati ya mashtaka iliyo mbele yake, ana hoja ya kutoa chini ya vipimo hivyo. Ila ni lazima aitoe, na ili aitoe ni lazima awe ameelezwa kwa maneno anayoyaelewa kwamba ipo.

Kuna watakaouliza: na marehemu je? Swali hilo ni la haki, na utetezi usiolikabili haustahili kuitwa utetezi. Mwanamke aliyejifunika leso hakuja mahakamani kusikiliza ufafanuzi wa viunganishi. Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya mwaka 2014 inampa nafasi ya kusikika, na apewe. Hata hivyo, "ni kweli" ya haraka inampokonya yeye pia. Kesi iliyokwisha kwa maneno mawili haitamwambia kama lori lilikuwa na breki nzima, kama mwenye gari alikuwa amearifiwa kuhusu breki hizo, kama dereva alikuwa amelala saa mbili au sita usiku uliotangulia na kwa amri ya nani, au kwa nini matatu ilishusha abiria juu ya lami. Hatia ya mtu mmoja huwa pazia la makosa ya wengi. Kesi inayosikilizwa hadi mwisho, hata ikiisha kwa dereva kuachiliwa, huacha maandishi ambayo mtu anaweza kuyasoma. Tena haimfungii mjane mlango wa fidia, kwa kuwa kesi ya madai huthibitishwa kwa kipimo chepesi kuliko cha jinai. Na ikiwa dereva kweli aliendesha kwa hatari, ahukumiwe kwa ushahidi, au kwa ungamo ambalo maana yake aliielewa.

Linalobaki ni la wenye lugha. Kifungu cha 198 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinasema kwamba lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Katiba, katika ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha rasmi. Ibara ya 50 inampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi haki ya mkalimani bila malipo. Haki hii inamgusa mzee wa Makueni asemaye Kikamba tu, na inamgusa dereva wa masafa atokaye Kigali au Juba. Nchini Tanzania, marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba lugha hii haijaruhusiwa kuingia mahakamani. Imeruhusiwa. Bado haijaandaliwa ipasavyo.

Maandalizi hayo si lazima yangoje kamati kubwa. Hati ya mashtaka ya kifungu cha 46 ina viungo vinavyohesabika kwa vidole vya mkono mmoja: kwamba mshtakiwa ndiye aliyekuwa akiendesha, kwamba ilikuwa barabarani, kwamba aliendesha kwa namna ya hatari, au bila kujali, au kwa kasi ya hatari, na kwamba uendeshaji huo ndio uliosababisha kifo. Kila kiungo chaweza kuandikwa kwa sentensi moja ya Kiswahili fasaha ambayo utingo wa Malili ataielewa, na kuulizwa peke yake. Badala ya "ni kweli ama si kweli", ambalo ni swali moja lililobeba mambo manne, mshtakiwa aulizwe mara nne. Neno "kosa" liachiwe hitilafu, na jinai iitwe jinai. "Kumgonga mtu" kutenganishwe na "kuendesha kwa hatari". Mwanafunzi wa Kiswahili anayetafuta mada ya tasnifu anaweza kukaa wiki moja katika mahakama ya hakimu iliyo karibu na barabara hiyo, akasikiliza jinsi mashtaka yanavyosomwa, akahesabu viungo vinavyotajwa na vinavyoachwa. Kitu atakachokileta chuoni kitakuwa na faida kwa isimu, na kwa mtu fulani ambaye Jumatatu asubuhi atasimama mbele ya hakimu, ndugu za marehemu wakiwa nyuma yake, na kuulizwa kama ni kweli.